Gobore Lililosubiri Arobaini

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, Inspekta aliyekuwa mkuu wa kituo alinikabidhi daftari refu lenye jalada jeusi, akaniuliza kama naogopa bunduki. Nikamjibu siogopi. Nilikuwa msichana wa Dunda, karani wa kiraia, na bunduki nilizozijua ni za kwenye vitabu vya katuni. Akacheka, akanifungulia ghala la silaha. Harufu ya mafuta na kutu nililala nayo wiki nzima.

Kituo chenyewe sitakitaja. Kiko ukanda huu wetu wa pwani, inatosha.

Nyinyi vijana mnaobishana kwenye simu kuhusu haki ya raia kumiliki bunduki, ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Mkulima aliyetaka silaha alianzia kwa mwenyekiti wa kijiji, akaandikiwa barua. Barua ikapanda kamati ya kata, kisha wilaya, ndipo ikafika mezani kwangu pamoja na alama za vidole vyake vyote kumi. Mimi nilinakili namba iliyochongwa kwenye mtutu, aina ya silaha, na sababu ya kuiomba. Sababu ilikuwa ileile karibu siku zote: nguruwe pori. Na silaha nyingi zilikuwa magobore, zile bunduki za kizamani zinazojazwa baruti na goroli kwa mdomo wa mtutu, kisha vikashindiliwa kwa ufito wa chuma. Ukikosa shabaha, nguruwe anamaliza tuta zima kabla hujajaza tena.

"Bi. Zuhura," Inspekta aliniambia, "kuna nchi ambazo Katiba inampa raia haki ya silaha. Yetu inampa haki ya kuishi na kulindwa. Bunduki ni ruhusa tu, na ruhusa ina mwisho. Mtu akifa, ruhusa imekufa naye."

Hilo la mwisho ndilo lililowasumbua watu. Shamba linarithiwa, minazi inarithiwa, hata ugomvi wa mpaka unarithiwa. Bunduki hairithiwi. Marehemu akishazikwa, silaha yake irudi kituoni, na anayeitaka aanze kuomba upya. Wafiwa wengi walichelewa kuileta, na Inspekta hakuwasumbua. Aliwapa pole, akaniambia niandike kwamba imesalimishwa, wakaenda zao.

Vile vitabu vya katuni sikuviacha. Nilivinunua vikuukuu, vingine havina kurasa za mwisho, nikawa najimalizia hadithi mwenyewe. Niliwapenda mashujaa wale wenye nguvu za ajabu, hasa wasioshika bunduki kabisa. Anazuia treni kwa kiganja, anamwokoa mtu asiye na mtetezi, halafu anaondoka bila kungoja asante. Wenzangu wakanibatiza Mama Katuni. Siku moja Inspekta alikichukua kimoja mezani kwangu, akakipekua.

"Hawa watu wako hawashiki bunduki kwa sababu risasi haiwaingii," akasema. "Mpeleke mmoja kijijini Miono akalime mahindi, tumwone."

"Lakini afande, hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba leseni ya ngumi zake."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa mtu mwema yule. Alistaafu, Mungu amrehemu, akaja Mkuu mwingine ambaye sikuwahi kuyaona meno yake.

Wakati wa Mkuu huyo lilitoka tangazo la kusalimisha silaha kwa hiari. Mwenye silaha isiyo na kibali ailete ndani ya muda uliowekwa, hatashtakiwa. Tulizunguka vijijini kutangaza, na Miono nikasimamishwa mimi kusema, kwa kuwa mimi ni mtoto wa pwani na watu wananisikiliza. "Leteni," nikawaambia. "Njooni kwangu mimi mwenyewe. Hamtaulizwa kitu."

Mbele kabisa alikaa Mzee Mwinjuma na mwanawe Shabani. Mzee alikuwa na gobore ambalo leseni yake ilikuwa imekwisha zamani. Akasimama mbele ya mkutano, akaahidi kulileta. Wiki iliyofuata akafariki.

Sasa nyinyi wa mjini mjue hili. Huku kwetu vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka arobaini isomwe. Nguo zake, jembe lake, vyote vinangoja. Masheikh wengine wanasema dini haikuagiza hivyo, lakini nani atakayekubali kuitwa mwenye haraka na mali ya baba yake? Gobore nalo likangoja chini ya kitanda. Muda wa hiari ukaisha, na arobaini ilikuwa bado siku tisa.

Kesho yake baada ya kisomo cha arobaini, Shabani alipanda basi la kwanza. Aliingia kituoni na gobore limefungwa ndani ya shuka la baba yake, halina hata chembe ya baruti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, mama. Nimeleta ile ya mzee. Jana ndiyo tumemaliza arobaini. Ulisema tulete kwako."

Daftari lilikuwa na safu mbili, ya silaha zilizosalimishwa na ya silaha zilizokamatwa. Nilikwishashika kalamu niandike kwenye ile ya kwanza, kama nilivyowafanyia wafiwa wote. Mkuu akatokea mlangoni pake, akaniita kando.

"Muda umepita huo. Andika amekamatwa nayo."

"Afande, kaileta mwenyewe. Walikuwa na msiba, na mila ya huku..."

"Bi. Zuhura, umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi minane, afande."

"Basi andika."

Nikarudi mezani nikaandika. Shabani alikuwa bado amesimama mbele yangu anatabasamu, anangoja nimpe risiti arudi kwao.

Mahakamani niliitwa shahidi. Nilisoma mstari wangu kwa sauti, namba, aina, na kwamba mshtakiwa alikutwa nayo. Shabani alijieleza kwamba aliileta mwenyewe, lakini daftari lilisema vingine, na mwandiko ulikuwa wangu. Aliniangalia ili niseme. Ningeweza kusema. Niliangalia viatu vyangu. Akafungwa miaka mitatu.

Miezi yangu minane ikaisha. Walinifanyia sherehe, wakanivisha khanga, na Mkuu akasimama kunisifu kwa uaminifu. Nilikula pilau yao nikiona haya. Nyumbani niliwagawia watoto wa jirani vitabu vyote vya katuni, maana kila nilipokifungua kimoja nilijichukia.

Mnaniuliza kama raia apewe haki ya silaha au asipewe. Sijui. Nimezishika maelfu, na sijui. Ninachokijua ni kwamba haki ya mtu mmoja iliwahi kufika mezani kwangu, ilikuwa inahitaji neno moja tu, nami nikalikosa kwa woga. Katiba haikuwa na mkono wa kunishikia kalamu. Mkono ulikuwa wangu.

Mwaka huu nilijikaza nikaenda Miono. Shabani ameshatoka. Amekonda, anakohoa, na mkewe alikwisharudi kwao. Shamba limekuwa pori, nguruwe wamezaliana humo. Aliponiona aliniamkia, akanitolea kiti, akamtuma dada yake anipikie chai. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Nilishakusamehe mama, nikiwa hukohuko ndani. Kinyongo kingeniua kabla ya kikohozi."

Nililia, nawaambia ukweli, nililia kama mtoto. Akaningoja ninyamaze, akavuta kigoda karibu.

"Mama, wewe ndiye unayejua mambo haya. Baba mdogo amefariki juzi, naye ameacha gobore uvunguni. Watu wananiuliza mimi. Tulipeleke, au tulifukie?"

Aliuliza bila kejeli. Alitaka kujua, na aliamini nitamwambia. Kwa miaka thelathini na zaidi nilikuwa na jibu la swali hilo, nimelitoa kwenye mikutano isiyo na idadi.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Chai ilipokwisha alinisindikiza mpaka njia kuu, akanibebea mkoba, na njia nzima hakuniuliza tena.