Injini ya Silinda Nne na Maji ya Hadado

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya mafuta ya taa na hedi, yaani kichwa cha injini, iliyojaa masizi, nikaambiwa nisiinuke mpaka chuma king'ae. Hiyo ilikuwa Garissa, katika karakana ya shirika dogo la afya ambalo siku hizi halipo tena. Fundi Mkuu wetu alikuwa mtu wa Machakos, mfupi, mwenye ovaroli safi kuliko kanzu za watu wengi. Alinitazama nikisugua, kisha akasema, "Buya, injini haifichi kitu. Wanaoficha ni mafundi." Mimi kijana wa kando ya Tana nilicheka, nikidhani ananitania. Nilisugua hadi alasiri.

Nyinyi mnaotengeneza magari kwa kuchomeka kompyuta, msinune nikianza na mambo ya zamani. Pikapu zetu karibu zote zilikuwa na injini ya aina moja, ya petroli, silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sisi, yaani cc, elfu moja na mia sita, vali nane na kabureta moja. Bloku, mwili wenyewe wa injini, ilikuwa ya chuma kizito na hedi juu yake ya aluminiamu. Katikati hukaa gasketi, bamba jembamba linalozuia maji, oili na moto visikutane. Silinda hazilipuki kwa kufuatana. Huanza ya kwanza, ikaja ya tatu, kisha ya nne, mwisho ya pili. Ukikosea waya za plagi, gari litakohoa mpaka mbuzi wakimbie.

Magonjwa yake tuliyajua kama tunavyojua watoto wetu. Platinamu, yaani vidude viwili vinavyokata umeme ndani ya distribyuta, viliungua, na gari likakataa kuwaka asubuhi. Vumbi liliziba kabureta. Mchana wa jua kali petroli ilichemka ndani ya pampu, gari likazima hapo kando ya soko la mifugo, nasi tukafunga kitambaa kibichi juu ya pampu na kungoja huku madalali wa ngamia wakitucheka. Hayo hayakutusumbua sana. Tulichokiogopa ni joto, maana aluminiamu ikipata moto kupita kiasi hujipinda, gasketi ikapasuka, na injini ndiyo basi.

Hapo ndipo lilipo kosa la mafundi wa huku kwetu, na mimi nikiwemo. Ndani ya injini kuna themostati, vali ndogo inayozuia maji yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake. Gari likifika kutoka Nairobi, fundi wa Garissa alianza kwa kuing'oa na kuitupa. Tuliamini inaziba njia ya maji. Fundi Mkuu alikataa katakata. "Waliotengeneza kitu hiki hawakuwa wajinga," alisema. "Iacheni mahali pake." Alipohamishwa, nikapewa spana zake, nami nikang'oa themostati zote. Madereva walinisifu. Sindano ya gaji ya joto pale mbele ya dereva, ambayo zamani ilikaa katikati, sasa ilikaa chini kabisa kutwa nzima. Wakazoea hivyo. Wakiona sindano iko chini, wanajua mambo salama.

Baadaye Mkuu wa Usafiri alinipeleka Hadado, kule Wajir, nitunze pikapu mbili za kituo cha afya. Moja ilifungwa turubai na godoro, ikawa ndiyo ya kubeba wagonjwa. Dereva wake aliitwa Bishar, mtu mrefu, mpole, aliyefuta kioo cha gari kwa shali yake mwenyewe. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu Kisomali changu kilimchekesha sana.

Mwaka ule mvua ilikataa. Maji matamu yaliletwa na lori, kila nyumba ikapimiwa. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, ya kunywesha mifugo tu. Desturi ya pale ni kwamba maji matamu ni ya watu, na mtu akionekana anayamwaga kwenye mashine, ataulizwa na wazee kama ana akili timamu. Kwa hiyo rejeta zetu zilijazwa maji ya kisima, miezi na miezi.

Siku moja Bishar alinijia na jerikeni tupu.

"Fundi, nibatie maji tamu moja tu. Rejeta iko na chumfi, inataka kuoshwa."

"Watoto wanapimiwa kikombe, Bishar. Wewe unataka kunywesha gari?"

"Wallahi najua. Lakini hii gari ndio inabeba mama zao."

"Tia ya kisima," nikamwambia. "Maji ni maji."

Aliinua jerikeni lake, akaenda kisimani. Mimi nilitia sahihi kwenye kitabu cha magari kwamba gari liko tayari kwa safari. Nilijua alichokuwa akisema. Nilijua chumvi inaganda ndani ya rejeta na kuila aluminiamu. Lakini niliogopa maneno ya wazee, na kusema kweli, nilichukia kufundishwa kazi na dereva.

Haikupita wiki, akaletwa mwanamke mmoja aliyekuwa na uchungu kwa siku mbili, mtoto amekwama. Walimlaza kwenye godoro, muuguzi akakaa naye nyuma, mume wake akapanda mbele, Bishar akashika njia ya hospitali ya Wajir. Ilikuwa saa nne asubuhi. Yaliyofuata aliniambia muuguzi. Walikuwa hawajafika nusu ya njia injini ilipoanza kugonga, ikakosa nguvu, ikafa mchangani. Bishar aliruka akafungua boneti. Rejeta ilikuwa kavu, maji yote yalikuwa yamevujia njiani. Walikaa kwenye kivuli cha gari mpaka lori la mbuzi likapita, jua likiwa limeshaanza kushuka. Mwanamke alikata roho kabla hawajampakia kwenye lori, na mtoto akiwa tumboni.

Injini iliburutwa hadi kwangu. Niliifungua peke yangu. Hedi ilikuwa imepinda, gasketi imepasuka kati ya silinda ya pili na ya tatu, na njia za maji zilikuwa zimejaa ukoko mweupe, mgumu kama chokaa. Mkuu wa Usafiri alikuwa njiani akitoka Garissa. Nilichukua bisibisi nikakwangua ule ukoko, nikapiga brashi, nikamwaga takataka yake mbali nyuma ya choo. Nilifanya hayo kama kazi nyingine yoyote, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi ninapolikumbuka.

Tuliitwa wote wawili mbele ya Mkuu wa Usafiri.

"Dereva, gaji ya joto hukuiona?" akauliza.

"Niliona, mkubwa. Ilikuwa chini."

"Injini imeungua namna hii, gaji iko chini?"

"Wallahi billahi ilikuwa chini! Mimi naangalia njia, naangalia gaji, njia, gaji. Ilikuwa chini kama siku zote."

Watu waliokuwa mlangoni walicheka, na mume wa marehemu alikuwa miongoni mwao, ila yeye hakucheka. Mkuu wa Usafiri akanigeukia. "Fundi, jambo hilo linawezekana?"

Linawezekana, na mimi nilijua. Ile gaji hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakishakwisha hakuna cha kuigusa, na sindano hurudi chini huku injini inaiva. Kama ningeacha themostati mahali pake, Bishar angezoea kuona sindano katikati, na siku hiyo iliposhuka angeshtuka na kusimama. Mimi ndiye niliyemzoeza kuamini sindano ya chini.

"Sijawahi kuona kitu kama hicho," nilijibu. Nikaandika barua kwamba injini ilikuwa nzima ilipotoka kwangu na dereva hakuangalia gaji. Bishar alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Aliondoka Hadado kwa miguu, na hakuna aliyempa mkono.

Mimi nilipelekwa Takaba, nikapandishwa cheo nikawa Fundi Mkuu. Huko nilirudisha themostati kwenye kila gari, nikakataza maji ya chumvi, nikagombana na wazee mpaka wakaniita mwendawazimu. Watu walisema mimi ni fundi makini. Nilipostaafu, kwenye karamu ya kuniaga huko Garissa, Mratibu wa shirika alisimama na kusoma kwamba katika utumishi wangu wote hakuna injini iliyowahi kufa kwa uzembe wangu. Wakapiga makofi. Nikasimama, nikashukuru, nikaketi, nikamsogezea jirani yangu sahani ya pilau.

Nilimtafuta Bishar. Haikuwa kazi ngumu, yuko hapa hapa Garissa, dalali wa mbuzi, na watu waliniambia kila aendako huenda kwa miguu, hata tuk-tuk hapandi. Nilimkuta nyumbani kwake baada ya swala ya alasiri. Sikukaa. Nilimweleza yote, jerikeni, themostati, bisibisi, barua.



"Kwa hivyo gaji ilikuwa chini," akasema.

"Ilikuwa chini, Bishar."

"Unajua mimi nilianza kusema labda niliona fibaya? Mtu akiambiwa na watu wote, anaamini. Mama yangu kila Ijumaa alikuwa anaenda kwa ile familia kuomba msamaha juu yangu. Mbaka akakufa. Amekufa akijua mimi niliua."

Nilimwomba anisamehe. Alitikisa kichwa, si kwa hasira.

"Nimekusikia, mzee. Kusamehe, hiyo bado. Ile barua uliandika kwa mkono yako. Basi na hii andika, watu wasome."

Ndiyo hii. Mnaoanza kazi leo mtajifunza vipimo vya injini vitabuni, navyo ni rahisi. Kazi yenyewe ni kusema ulichokiona ukiifungua, hata kama kilichoharibika ulikiharibu wewe. Mimi nilijua injini ile kuliko mtu yeyote kaskazini, na siku niliyoulizwa, nilidanganya. Bishar alisema kweli.

Nilirudi kwake na karatasi hizi, nikamsomea zote kabla ya kuwapa nyinyi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mbona kila mahali nimeandika "mwanamke", kana kwamba hakuwa na jina.

Aliitwa Dahabo.