Soksi za Bi Dudek

Lorraine Dudek alikuwa na mifuko kumi na minne ya soksi zisizo na pea, na kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyejua kwa nini anazitunza. Hata yeye hakujua. Wanafunzi wa chuo walizisahau kwenye mashine za kukaushia, yeye akaziokota, akazifua, akazipanga kwa rangi na kuwasubiri wenyewe. Wenyewe walishahitimu, wakaoa, wakaota vitambi, na soksi zao bado zilikuwa rafuni, katika chumba cha kufulia chini ya bweni la kaskazini, huko Wisconsin, Marekani. Wafagizi wenzake walimcheka waziwazi. Naye alicheka nao, kisha akaokota nyingine.

Jumanne moja ya Februari, Annika Tollefson alishuka ngazi mbio, theluji imemjaa kofiani. Annika alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kiongozi wa chama cha mchezo wa mazombi.

“Bi Dudek, tumekwisha!”

“Hujakwisha, unahema tu. Kaa. Kula jibini, imetoka kiwandani asubuhi hii, ni mbichi hata ukiitafuna inalia kwenye meno.”

Annika alikula huku akieleza. Mchezo wao huchezwa wiki nzima, chuo kizima kikiwa uwanja. Binadamu hufunga kitambaa cha rangi ya chungwa mkononi, zombi hukifunga kichwani. Zombi akikugusa, nawe umekuwa zombi. Silaha ya binadamu ni soksi iliyoviringishwa. Ukimpiga nayo zombi, anasimama kama nguzo robo saa. Tatizo lilikuwa la mwaka jana: soksi ya mtu ililoa kwenye theluji, ikalala dirishani usiku kucha, ikaganda. Asubuhi ilimpata kijana mmoja juu ya jicho, akashonwa nyuzi sita.

“Mchezo unaanza Jumatatu, na Bwana Krause wa usalama ametupa nafasi moja. Ijumaa saa sita mchana tumpelekee vifaa visivyoweza kumuumiza mtu, avijaribu mwenyewe. Tukishindwa, mchezo unafutwa moja kwa moja.”

“Si mnunue yale mabunduki ya plastiki, ya vishale vya sponji?”

“Moja dola thelathini, Bi Dudek! Nusu yetu tunaishi kwa tambi za pakiti. Halafu mwaka juzi mtu aliona moja dirishani, akadhani ni ya kweli, akaita polisi. Bwana Krause hataki hata kuyasikia.”

“Hebu nione hiyo soksi yenu.”

Annika aliitoa mfukoni. Lorraine aliibonyeza, akaipima kiganjani, akaangua kicheko.

“Nani kakufundisha kufunga fundo, mwanangu? Fundo hili ndilo jiwe lenyewe! Na hii pamba nyembamba inakunywa maji kuliko ng’ombe wa baba yangu.”

Hapo mwanamke huyu alishikwa na kitu ambacho hakikuwa kimemshika kwa miaka mingi. Alishusha mifuko yote kumi na minne. Alichagua soksi nene za michezo, zenye manyoya ndani, akaziviringisha kwa ulegevu bila fundo, akazishikiza kwa mishono mitatu ya uzi wa pamba. Alipochoka kidole cha gumba alitumia kingine. Annika akaleta wenzake wawili, na kwa siku tatu chumba cha kufulia kilikuwa na kelele kama harusi. Kanuni ilitoka kwa Lorraine mwenyewe: kila mchezaji alete soksi zake mbichi kwake, apewe kavu, zenye joto la mashine. Hakuna soksi itakayolala nje. Miwani ya kukinga macho waliiazima maabara ya kemia. Gharama yote ilikuwa uzi na vitambaa.

Ijumaa ikafika. Bwana Krause alisimama kwenye uwanja mbele ya bweni, mrefu, masharubu yana barafu. Yeye ndiye aliyembeba yule kijana mwaka jana, na damu ile ilimharibia usingizi. Alikuwa na haki ya kuwa mkali. Alivaa miwani ya maabara, akahesabu hatua sita, akageuka.

“Nani anarusha?”

Mikono kumi ikanyanyuka.

“Nyie? Mtanirushia kama mnamlisha njiwa. Simtaki mchezaji.” Akaangaza macho, yakatua mlangoni. “Wewe, mama wa nguo. Njoo.”

Lorraine alipopita, Annika alimnong’oneza, “Bi Dudek, polepole, tafadhali. Kidogo tu.”

Hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba Lorraine, alipokuwa na miaka kumi na saba, alikuwa mrushaji wa shule yake katika softiboli, mchezo wa mpira unaopigwa kwa gongo. Alizungusha mkono kutoka chini, na wapigaji wa wilaya tatu walimwogopa. Chuo hikihiki kilimwita aje achezee timu. Mwaka huohuo baba yake akavunjika nyonga, na ng’ombe arobaini hawakamuliwi kwa barua ya chuo. Alipokuja kuingia hapa, aliingia na ndoo.

Akirusha polepole, mchezo unapona leo. Lakini Jumatatu vijana watarusha kwa nguvu zao zote, na kama kuna jicho litakaloumia, atakuwa ameliumiza yeye. Akavua koti.

“Bwana Krause, funga miwani vizuri,” alisema. “Mimi polepole sijui.”

“Rusha, mama, baridi hii!”

Mkono ulizunguka mduara mzima. Soksi ilitoka na mlio, ikamgonga Krause katikati ya pua. Kofia ikaruka. Annika akafumba macho.

Krause alijigusa pua. Akatazama kidole chake. Hakukuwa na damu.

“Rudia,” alisema.

Lorraine alirudia, kwa nguvu zaidi, shavuni.

“Hiyo ndiyo nguvu yako yote?”

“Yote. Nilikuwa nimeiweka tangu mwaka themanini na tatu.”

Krause akaanza kucheka, akacheka mpaka barafu ikadondoka kwenye masharubu. “Nimepigwa na mto wa kitanda!” Akatia sahihi kibali cha mchezo pale pale, juu ya goti, na wanafunzi wakapiga kelele zilizofungua madirisha ya bweni. Annika alimkumbatia Lorraine akilia. Kisha akachomoa kitambaa cha rangi ya chungwa akamfunga mkononi, bila kuuliza, na Lorraine akamwacha.

Jumatatu saa sita mchana alitaka kwenda kula. Alichungulia dirishani. Mazombi watatu walikuwa wamemvizia kwenye theluji, vitambaa kichwani, na Annika alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameguswa saa mbili asubuhi.

“Bi Dudek! Leo hutoki humo!”

Lorraine alifungua mashine ya kukaushia, akatoa soksi tatu za moto. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kitambaa cha chungwa bado kilikuwa mkononi. Akausukuma mlango kwa bega.

“Haya, wanangu,” alisema. “Nani anaanza?”