Boksi la Mjomba

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita ambamo tulipanga chumba kimoja miaka ya Ujamaa. Kila Jumamosi mama alilowesha kitambaa kwa mafuta hayo, akapangusa kizingiti na pembe za sakafu, halafu akasimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Alinieleza kwa subira kwamba mende huvumilia njaa siku nyingi, lakini kiu humshinda. Kwa hiyo vyombo vilikaushwa, ndoo ikafunikwa, na mbuzi ya nazi ikasuguliwa kwa majivu na kuanikwa juani. Nilikuwa na miaka tisa, nikaamini kwamba mtu akifanya hayo yote, mende hana njia.

Hata hivyo mwaka ule walikuja. Walitembea ukutani mchana kweupe, wakaingia kwenye unga tulioupangia foleni asubuhi nzima. Mama alitafuta chanzo, na macho yake yakaishia chumba cha mwisho, kwa Bi Zuhura, mjane aliyeishi kwa kushona magunia yaliyotoboka ya wafanyabiashara wa sokoni. Magunia hayo yalirundikana chumbani mwake karibu kufika darini. Mama alikuwa mtu wa Kilimanjaro, na nyumba nzima ilimsifu kwa usafi. Alipomwambia mwenye nyumba, Mzee Nasoro, kwamba mende wote wanatoka kule, neno lake lilikuwa na uzito. Bi Zuhura akapewa hadi Ijumaa awe amehama. Hakubishana. Mumewe alifia katika chumba kile. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba bila kuinua uso kutoka kwenye sindano yake.

Alhamisi mama aliamua tusafishe chumba chetu chote, ili mende wa Bi Zuhura wasije wakabaki kwetu yeye akishaondoka. Nikatumwa kuvuta boksi la uvunguni. Tuliliita boksi la mjomba, kwa kuwa mjomba alimpa mama kutoka duka lake la jumla, nasi tulihifadhi humo nguo za kanisani. Miaka ile ya uhaba, boksi zima halikutupwa. Nilipoinua kifuniko, mende walimwagikia miguuni mwangu. Kwenye mikunjo, palipopakwa gundi, vifuko vya mayai vya rangi ya kahawia vilikuwa vimepangana kama maharage madogo.

Mama alishusha kifuniko, akakikandamiza kwa kiganja. Tukatazamana. Mlango ulikuwa umefungwa, na kutoka uani tulisikia kamba ikivutwa: Bi Zuhura alikuwa anafunga virago. Nilielewa, hata kwa umri ule, kwamba boksi lile lingeweza kuchomwa kimya kimya na asijue mtu isipokuwa mimi.

Mama akalibeba. Akalitua katikati ya ua, mbele ya wanawake waliokuwa wakipika, akalifungua.

“Bi Zuhura,” alisema, “mende ni wangu. Walikuja na boksi la kaka yangu.”

Bi Zuhura aliacha kamba, akaja, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

“Mama Eliza,” akasema, “hawa wamenenepa kuliko wa kwangu. Ngoja nilete magunia tuyaanike, tuone tumegawana vipi.”

Hakuna aliyecheka sana. Mama alikwenda dukani kwa Mzee Nasoro akiwa bado na vumbi mikononi, akaliondoa neno lake. Ijumaa hakuhama mtu. Vyumba vyote sita vilitoa vitu juani kwa pamoja, tukamwaga maji ya moto nyufani, kisha tukaziziba. Baada ya wiki chache mende walipungua sana. Lakini miezi mingi ilipita kabla Bi Zuhura hajaketi tena kwenye mkeka wetu, na mama hakuwahi kumlaumu kwa hilo.

Siku hizi naishi ghorofani, si mbali na pale. Dawa zimejaa madukani. Kila mtu hupulizia kwake na kufunga mlango, na mende huhamia kwa jirani. Mwezi uliopita niliwaona wakitokea chini ya ukuta unaonitenganisha na jirani, familia changa ambayo hata majina yao sijayajua. Nikashika simu nimpigie msimamizi wa jengo. Kisha nikaiweka chini, nikapiga magoti, nikaanza kuvuta maboksi yangu mwenyewe uvunguni.