Msusi na Wimbo Uliorudi

Mikono ya msusi huwa imezama kwenye nywele za mteja, kwa hiyo simu inayompigia nyimbo huibonyeza kwa kidevu. "Ruka huko, mshenzi wewe!" Simu humjibu kwamba nafasi zake za kuruka nyimbo zimekwisha, labda alipie. Husonya, akaendelea kusuka. Wimbo anaoupenda kuliko zote ulishaondolewa kwenye programu ya muziki. Jina limebaki la kijivu, halibonyezeki. Zamu yake ikifika, huuimba mwenyewe, akivuta nywele kwa mdundo, na wateja wote wanajua kiitikio ndicho kinachouma. Ubeti wa pili aliusahau kitambo, basi hapo humtia wifi yake na umbea wake.

Juzi wimbo ukarudi bila hodi, kama ulivyoondoka. Msusi akaachia msuko njiani, akasikiliza, midomo ikitangulia maneno. Kwenye ubeti wa pili akakunja uso.

"Kakosea huyu!"

"Dada, si ndiye mwenye wimbo?" mteja akauliza.

"Mwenye wimbo! Alikuwa wapi siku zote hizi?"

Akamzima kwa kidevu, akashika nywele, akaanza upya. Safari hii wifi akapata beti mbili.