Ukingoja Theluji Ikatike

Weka simu chini kidogo, mwanangu, utabiri wa hali ya hewa hautakimbia. Ipo asubuhi moja ya Januari, mwaka tisini na tisa, ambayo nikiikumbuka mpaka leo najikuta nimesimama wima.

Nilikuwa msichana bado, nimetoka Mwanza, naishi ghorofani, mtaa wa Flemingdon Park. Mwezi ule theluji iliangukia Toronto mpaka jiji likasalimu amri. Inaanguka, inapumzika, inaanguka tena juu ya ile ya jana, na mwisho wakaletwa wanajeshi kusaidia kuizoa. Redio ikasema asiye na lazima asitoke nyumbani, na mimi lazima sikuwa nayo, au ndivyo nilivyojiambia.

Katikati ya hayo dada mmoja tuliyefahamiana, Mama Chantal, akafiwa. Alikuwa Mrundi, mgeni kabisa, ana watoto wawili wadogo na hana ndugu hata mmoja nchi hii. Simu ilitoka Bujumbura kwamba mama yake mzazi amefariki. Kwenda kuzika hawezi, makaratasi yake ya ukimbizi hayajakamilika. Unajua msiba wa namna hiyo ulivyo: maiti iko huko, machozi yako huku, na watu wasipokuja kukaa nawe unabaki kuangaliana na kuta.

Nikampigia kumpa pole. Nikamwambia, kwa moyo safi kabisa, "Dada, tutakuja theluji ikikatika." Akajibu, "Sawa, asante," kwa sauti ndogo, akakata simu.

Kwetu hilo si neno baya. Mvua inanyesha, unajibanza barazani, inakatika, jua linatoka, unaendelea na safari yako. Basi na mimi nikawa nasubiri vivyo hivyo, dirishani, na chai yangu mkononi.

Aliyenikurupusha ni Mama Nsimire, jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima wa Bukavu, Kongo, aliyekwisha kuishi baridi nyingi kuliko sisi wote. Aliingia na buti zake miguuni, wala hakukaa. Alikuwa amebeba sufuria ya maharagwe, ameifunga kwa taulo.

"Vaa. Tunaenda kwa Mama Chantal."

"Mama, tusubiri kesho. Wamesema kesho jua litatoka."

Akasonya. "Jua ya hapa inadanganyaka watu, mutoto yangu. Leo mawingu inafunika, baridi haiko mingi. Kesho mbingu ikifunguka, baridi itakukata masikio. Na hii theluji haiko mvua. Utangoja mupaka Aprili? Ule mama alie peke yake mupaka Aprili?"

Niliona aibu, na niliudhika pia, maana mtu anayekwambia kweli ukiwa unakunywa chai yako hapendezi. Lakini nikavaa. Alinikagua kama mtoto wa shule: soksi juu ya soksi, kanga kichwani chini ya kofia, mifuko ya plastiki ndani ya buti. Usidhani alikuwa mwendawazimu. Alishachungulia nje akaona upepo umelala, na barabara kubwa ya Don Mills imeshapitiwa na magari ya kuondoa theluji. Angesikia upepo unavuma, yeye ndiye angeniambia tukae.

Mabasi hayakuonekana. Tukatembea kuelekea kaskazini, yeye mbele, mimi nyuma nikikanyaga alipokanyaga, tukipokezana sufuria. Kwenye vivuko vya barabara theluji ilikuwa imerundikwa, tukapanda kwa magoti. Mwendo ambao kiangazi ni wa kupiga soga ulituchukua asubuhi nzima. Kila nilipotaka kusema turudi, namwona yule mama anazidi kusonga mbele, nikaona afadhali nianguke kuliko niachwe.

Mama Chantal alifungua mlango akiwa amevaa koti ndani ya nyumba. Pazia zimefungwa, watoto wanakula mkate mkavu sakafuni. Akatutazama, theluji inatudondoka, akasema polepole, "Nilifikiri nchi hii kila mtu analia kwake." Mama Nsimire akaweka sufuria chini, akamkumbatia. Hapo ndipo yule dada alipoangua kilio, kile alichokizuia tangu simu ilipoingia. Na mimi nikalia, nikamlilia mama nisiyemjua, na sikujuta hata hatua moja.

Tulilala huko. Kesho yake jua likatoka kweli, zuri la kupigia picha, na nilipokwenda kutupa taka tu baridi yake ilinichoma pua mpaka nikarudi mbio.

Ndiyo maana nakugombeza, mwanangu, ukiniambia utakwenda kumpa pole shangazi yako kule Scarborough hali ya hewa ikitulia. Haitatulia. Nchi hii imejaa miezi ya visingizio. Ijue hewa yake, ujue siku ya kutoka na siku ya kukaa, uvae, kisha uende. Upepo ukiwa wa kuua, kaa, lakini mpigie simu tena na tena, asikae na kimya chake peke yake. Usimwachie mtu huzuni yake eti wewe unasubiri anga.

Haya, nenda. Mungu akupe miguu yenye joto na moyo usiotafuta sababu. Na siku yako ya kulia ikifika, hata kama nje kote ni kweupe, akuletee mtu wa kukugongea mlango.