Mume Wangu Ananikataza Kuonja Martini Mbele ya Wageni

(Jina la mama huyu tunalijua sisi tu, na hapa ukurasani halitatoka. Barua yake ni hii.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, nina watoto watatu, nakaa Kalemie, ingawa makaratasi ya biro za serikali bado yanasema Albertville. Mume wangu ni karani wa reli. Wazungu walipokimbia baada ya Uhuru, tulipewa nyumba ya mkubwa mmoja kule juu mlimani, yenye baraza inayotazama ziwa na frigo ya petroli, lile jokofu la mafuta ya taa. Ndani tulimkuta mpishi wa zamani, nitamwita Papa Faustin, na kabatini chupa za pombe kali ya jini na za vermuti nyeupe, ile mvinyo ya mitishamba. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema wazi: nilizifungua, na zilipokwisha nikaagiza nyingine kwa meli ya Kigoma.

Papa Faustin ndiye aliyenifundisha kuzichanganya kutengeneza martini, kinywaji cha Wazungu cha jioni. Wamama, sikilizeni vizuri, maana nimeona nyumba ambamo wanamimina jini na vermuti sawa kwa sawa, wanatia na sukari, halafu wanashangaa wageni wanaaga mapema! Gilasi ziingie kwanza kwenye frigo mpaka zishike ukungu. Barafu iwe vipande vikubwa, vidogo vinayeyuka upesi na kinywaji kinakuwa maji. Jini vipimo vitano, vermuti kimoja. Unakoroga taratibu kwa kijiko kirefu mpaka uhesabu thelathini, hutikisi kama dawa ya kikohozi. Unachuja. Zeituni hazifiki huku, basi unakata ganda jembamba la ndimu na kulikunja juu ya gilasi mpaka lirushe mafuta yake.

Siku ya kwanza nilionja, nikakohoa, nikaonja tena. Nikamnyooshea Papa Faustin gilasi: "Papa, onja, uniambie kama njo hivi, kama ndiyo yenyewe."

Hakuipokea. "Mama, miye sijui."

Nikadhani ananitania.

"Miaka kumi na moja nimeitengeneza, kila siku saa kumi na mbili," akasema. "Muzungu alisema nikigusisha mudomo, kazi imekwisha. Nilipima kwa macho na kwa pua."

Nikamshikisha gilasi mkononi kwa nguvu. Akanywa kidogo sana, akatazama ziwa, akasema, "Kumbe njo chungu!" Tulicheka mpaka machozi, lakini si machozi yangu yote yaliyokuwa ya kicheko. Tangu siku hiyo tukitengeneza tunaonja wote wawili.

Sasa nije kwenye jeraha lenyewe. Mume wangu anatafuta cheo cha mkuu wa stesheni. Jumamosi moja jioni akamwalika direkta wake, mkurugenzi wa reli, Mkongomani mwenzetu, pamoja na madamu, mkewe. Mimi nikaleta sinia. Mama yangu, kule upande wa Moba, hakumpa mgeni pombe ya mahindi bila kunywa funda la kwanza yeye mwenyewe, mgeni akimtazama. Maana yake: sina sumu, sina neno moyoni, kunywa utulie. Na miaka hii tunayopita, watu wanazikana bila kujua nani kaua nani, ni nani asiyeogopa gilasi ya mwenzake? Basi nikapiga goti kidogo, nikanywa funda moja kwenye gilasi ya direkta, nikapangusa ukingo kwa kitambaa safi, nikampa kwa mikono miwili.

Madamu akaangua kicheko. "Ee mama, tuko mugini, kule kijijini kwenu?"

Direkta hakucheka. Alikunywa yote, akaomba ya pili. Nikaonja na hiyo.

Walipoondoka, mume wangu alinigeukia. "Umeniua! Watasema bibi yangu ni mushenzi. Muntu wa kusoma haonje gilasi ya mugeni!"

"Amekunywa mbili," nikamjibu. "Alipoalikwa kwa karani mwenzako hakugusa hata bia, maana hakuna aliyemwonjea. Ulijiuliza ni kwa nini?"

"Nyamaza! Mwezi ujao direkta akitoka safari ya Kabalo atarudi hapa. Utaomba madamu musamaha. Papa Faustin ataleta sinia na glovu nyeupe, na hakuna mudomo utagusa gilasi kabla mugeni hajagusa. Ukikataa, meli ya Moba unaijua."

Papa Faustin akachungulia kutoka jikoni. "Bwana anisamehe. Glovu zile nilipangusia masufuria, zilikwisha."

Meli siiogopi, ingawa najua watoto watabaki kwake, na usiku ule niliwahesabu mara mbili wakiwa wamelala. Kilichoniliza ni yale maneno. Nilikwisha kuyasikia kwa Papa Faustin. Mzungu ameondoka, sheria yake ameiacha kinywani mwa mume wangu.

Shangazi yangu ananiambia nipige magoti, eti ndoa ni kuvumilia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mimi mama yangu alinifunza, na sitamkana kwa ajili ya kofia ya stesheni. Tena nampenda mume wangu, msidhani simpendi. Ndiyo maana naumia.

Sanduku langu liko chini ya kitanda, na ndimu uani zinaiva. Gilasi ya direkta nitaionja, hilo siwaulizi. Lakini siku hiyo kutakuwa na gilasi nne kwenye sinia, na moja ni ya mume wangu. Miaka tisa sijawahi kumwonjea, maana hakukuwa na haja, alijua sina neno naye. Sasa ninalo. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini na gilasi ile: niionje mbele ya wageni ili atulie, au nimpe hivyo hivyo, anywe huku akijiuliza?