Mume wa Robhi Alikuja na Fimbo

Shule ilifungwa Ijumaa, na Jumamosi mama akanifukuza nyumbani kwa heshima zote. Alinipa kilo mbili za sukari, kanga moja na agizo: "Ghati, usirudi hapa Turwa mpaka Robhi ameonwa na nesi." Hakuwa anatania. Mimba ya kwanza Robhi alijifungulia jikoni, akatoka damu mpaka wakambeba kwenye shuka. Yeye alipona, mtoto hakupona. Sasa alikuwa na miezi minane tena, na kliniki alikwenda mara moja tu.

Kwa wasiotoka kwetu: Robhi ana miaka ishirini na miwili, na ni mke wa bibi yangu. Bibi hakuzaa mtoto wa kiume, basi kwa mila ya Kikurya alitoa ng'ombe akamwoa Robhi, ili watoto wa Robhi wawe wa ukoo wake. Kwa hiyo Robhi ni bibi yangu mdogo. Humwamkia shikamoo makusudi, naye hunirushia chochote kilicho karibu.

Saa mbili asubuhi basi liliondoka Tarime. Nyamongo likasimama kuteremsha wachimbaji na kupakia wengine wanaofanana nao, wote rangi ya vumbi, na bodaboda zikatuzunguka kama nzi kwenye nyama. Tulivuka daraja la Mto Mara nikitafuta mamba. Sikumwona hata mmoja, ila nyumbani nitasema wanne.

Saa sita mchana nilishuka njiani, kabla ya Mugumu, nikaingia nyumbani kwa Bibi.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Bibi Mdogo."

Bibi akaitika. Robhi akarusha gunzi la mahindi. Alirusha akiwa ameketi, na hakunifikia. Hapo ndipo nilipoona miguu yake imevimba.

Nikauliza habari za kliniki. Robhi akasema nesi alimwambia arudi na mumewe, mlangoni wamebandika karatasi: NJOO NA MWENZA WAKO.

"Mimi niende nikachekwe?" Bibi akasema. "Hata ndevu sina."

"Unazo tatu, Bibi."

Akanionyesha fimbo. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatatu asubuhi nikatumia akili yangu, ile inayonipatia viboko shuleni. Nilimshawishi Chacha, kijana wa bodaboda, awe mume wa Robhi kwa nusu saa. Robhi alikataa mara tatu, kisha mtoto akampiga teke tumboni, naye akakubali, tukapanda pikipiki wote watatu.

Pale zahanati, nesi alikuwa dada mmoja mgeni, mwenyeji wa Songea. Akafurahi kumwona Chacha.

"Karibu baba. Hii mimba ya ngapi?"

"Ya... kwanza?"

Nesi akatazama kadi. "Ya pili. Haya, kaa hapa. Tunawapima damu wote wawili."

"Damu?" Chacha akasimama. "Nesi, mimi nimeleta abiria tu!"

Pikipiki ikanguruma, ikatoweka. Kofia yake ngumu ikabaki kwenye benchi. Wajawazito kumi wakacheka mpaka mmoja akaomba ashikwe mgongo. Robhi hakucheka. Alikuwa analia taratibu, akifuta kwa kanga.

Mara mlango ukajaa. Bibi! Alikuwa ameifuata pikipiki kwa miguu kutoka nyumbani, vumbi magotini, fimbo mkononi.

"Nani amemletea mke wangu mume mwingine?"

Nikajificha nyuma ya mzani wa watoto. Robhi akasema, bila kuinua uso, "Mama, mimi nilitaka uje wewe."

Bibi akashusha fimbo. Kisha akamgeukia nesi. "Andika. Mume wake ni mimi."

Nesi alitutazama mmoja mmoja, akauliza, akaelezwa na benchi zima kwa sauti moja. Akashusha kalamu. "Bibi, nisamehe. Siku ile sikupaswa kumrudisha." Akampima. Damu yake ilikuwa kidogo, presha juu. "Huyu hazalii kijijini. Aende leo Mugumu, akakae kwenye nyumba ya kusubiria pale hospitalini. Na asiende peke yake."

"Na ng'ombe nani atachunga?" Bibi akauliza, na macho yote yakanijia nyuma ya mzani.

Wiki mbili nilichunga ng'ombe kumi na mmoja wasiopenda utani. Mugumu, waume wengine waliishia getini. Mume wa Robhi alilala kitanda cha pili.

Siku moja mchana Bibi akapiga simu. Robhi alikuwa ametoka damu tena, safari hii mbele ya watu wenye sindano na chupa ya damu tayari. Ni mzima. "Mtoto ni msichana," Bibi akasema. "Si kitu. Naye ataoa."

Siku ya kurudi kwetu nilipita zahanati kuchukua kofia ya Chacha nimrudishie, nikaona nesi amekata neno MWENZA kwenye ile karatasi ya mlangoni, sasa inasomeka: NJOO NA MTU WAKO. Nilichojifunza ndicho hicho. Mimi nilihangaika kumtafutia Robhi mume, wakati mtu wake alikuwepo, ameketi nyumbani akiogopa kuchekwa.

Asubuhi hiyo, kabla sijatoka, niliwaaga nyumbani, wamerudi jana yake kutoka Mugumu. "Shikamoo Bibi Mdogo," nikasema, nikiwa tayari kukwepa.

"Marahaba," Robhi akajibu. "Msalimie na mama yako mdogo."

Nikainama, nikamwamkia mdogo wake mama, mtu wa siku tisa. Hakuitika. Alikuwa ananyonya.